Usiku wa Montmartre juu ya ubao wa Kisauni

Swali: Asalaam aleikum, mwalimu. Niko Kisauni, Mombasa, nachora na kubandika. Mkahawa mmoja wa Mji wa Kale umeniagiza picha ya ukutani, upana sentimita 60 na kimo sentimita 80, kuhusu usiku wa wasanii wa Montmartre, Paris, miaka ya 1890: wacheza dansi, taa, meza na watu wa kukesha. Wanataka vifaa mchanganyiko, wasione rangi tupu. Nimejaribu mara mbili juu ya katoni kwa gundi, magazeti, lesi na glita. Ya kwanza imejikunja kama ng'onda. Ya pili niliipaka nyeusi kote ndipo nikabandika, na kila anayeiona huniuliza ni kadi ya harusi ya nani. Nakosea wapi?

Jibu: Waaleikum salaam, dadangu. Makosa ni mawili na kila moja lina dawa yake: la kwanza ni la maji, la pili ni la giza. Naanza na la pili, maana hata ubao wako ukinyooka kama rula, giza likikosewa picha itabaki kadi.

Usiku haupakwi mweusi. Henri de Toulouse-Lautrec, ambaye Montmartre ya miaka hiyo twaijua sana kupitia mkono wake, alipenda kuchora juu ya katoni tupu ya kahawia. Alichukua rangi ya mafuta, akaizimua kwa tapentaini mpaka ikawa nyepesi kama chai ya rangi, akaipitisha kwa mistari mirefu ya haraka, na sehemu kubwa ya katoni akaiacha wazi. Ile kahawia ndiyo moshi, ndiyo ukuta, ndiyo hewa ya ukumbi saa saba za usiku. Kahawia haina giza kamili wala mwanga kamili, kwa hiyo kijani kidogo ukikiweka juu ya shavu, jicho linaona taa imewashwa. Wewe ulianza na weusi. Kila ulichobandika juu yake kikawa cheupe kupita kiasi, lesi ikapiga kelele, na glita ikamalizia.

Glita itupe. Nasema hivyo bila huruma kwa sababu inang'aa sawasawa popote mtu asimamapo, na taa za ukumbi hazifanyi hivyo: zina upande, zina mahali zinapofika na mahali zinapokoma.

Kabla ya gundi, jua unachokichora. Montmartre ilikuwa kijiji cha kilimani chenye vinu vya upepo, kikaunganishwa na jiji la Paris mwaka 1860. Kodi za nyumba zilikuwa nafuu, ndiyo maana wachoraji na washairi mafukara walijazana huko. Mwaka 1881 Rodolphe Salis alifungua ukumbi wa Chat Noir, yaani Paka Mweusi. Ukumbi wa dansi wa Moulin Rouge ulifunguliwa tarehe 6 Oktoba 1889, mwaka uleule wa mnara wa Eiffel, na ulisifika kwa taa zake za umeme. Nyota wa dansi pale, Louise Weber, aliitwa La Goulue, yaani Mlafi. Mwenzake mrefu mwembamba, Valentin, aliitwa asiye na mifupa. Wengi wa wanawake waliocheza pale walitoka katika familia za madobi na mafundi cherehani. Lautrec hakuwapamba. Mwaka 1892 alimchora Jane Avril, mcheza dansi mashuhuri, akitoka Moulin Rouge peke yake, kajitanda koti, uso umechoka. Ukibandika tabasamu na manyoya matupu, utakuwa umechora tangazo la sherehe. Weka angalau uso mmoja uliochoka.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa sana: kubandika karatasi na vitu kwenye picha, kwa maana ya kolaji tunayoijua leo, hakukuwa mtindo wa kumbi hizo. Wachoraji Picasso na Braque walilifanya liwe sanaa mwaka 1912, zaidi ya miaka 20 baadaye. Hilo halikuzuii kitu, ila linakupa kipimo cha kuchagulia. Watu wa usiku ule walikuwa na mbinu zao za kuchanganya vifaa: katoni iliyoachwa wazi, rangi ya kurushwa kwa brashi, unga wa dhahabu juu ya chapa, vivuli vya zinki, na mchoraji Degas alikwisha anza, katika miaka ya 1870, kupaka pasteli, yaani rangi kavu za vijiti, juu ya chapa ili kuchora waimbaji wa mikahawa. Kila kifaa utakachokiweka, kiwe na ndugu yake kwenye orodha hiyo. Kisicho na ndugu, kiache dukani.

Sasa tuje kwenye ng'onda.

Karatasi ikilowa hutanuka. Ikikauka husinyaa na kuvuta kilicho chini yake. Katoni yako ilibeba karatasi upande mmoja tu, ikavutwa upande huo. Hewa ya Mombasa huongeza: katoni hunywa unyevu usiku na kuutoa mchana, na kila zamu upande usio na gundi unakunywa zaidi. Kwa hiyo katoni usiifanye ubao. Ifanye ngozi, na mifupa iwe hadibodi ya milimita 3. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 hutoa vipande 6 vya takriban sentimita 61 kwa 81, basi mwambie muuza mbao akukatie palepale, utabaki na mbao za kazi tano nyingine au za kugawana na wenzako.

Nyuma ya hadibodi gundisha na kupigilia fremu ya mbao za inchi 2 kwa 1, upana wa mbao ukilala kwenye ubao, na uongeze mbao moja ya kukata katikati. Misumari ya robo tatu ya inchi, ikipigiliwa kutoka usoni, yatosha. Mirefu kupita unene wa mbao itatokeza nyuma. Upande laini ukwaruze kwa msasa namba 120 hadi mng'aro utoke, kisha futa vumbi. Changanya gundi nyeupe ya mbao sehemu 1 na maji sehemu 3, upake ubao wote: mbele, nyuma, na pembeni kote. Pembeni ndiko watu husahau na ndiko maji huingilia. Rudia baada ya saa mbili.

Ngozi yenyewe ipate kwenye boksi kubwa la friji au televisheni. Dondoshea tone la maji: likikaa juu dakika tano bila kuzama, boksi hilo lina nta na gundi haitashika, tafuta jingine. Boksi zuri lilaze sakafuni, limwagie maji, lifunike kwa nailoni nusu saa. Tabaka za boksi zimeunganishwa kwa gundi ya wanga, nayo hulainika, kwa hiyo ganda la nje litajibandua lenyewe ukilivuta taratibu kuanzia pembeni. Pata maganda mawili, moja la mbele na moja la nyuma. Ukilazimika kuunga vipande, chana kwa mkono badala ya kukata kwa mkasi. Ukingo uliochanwa una nyuzi na hauachi ngazi. Kiungo kiweke mahali ambapo meza au ukingo wa jukwaa utapita.

Kubandika: gundi sehemu 3, maji sehemu 1, na kwa upande mmoja wa ubao huu nusu kikombe kitakutosha. Ganda likiwa bado na unyevu, bila maji yanayotiririka, lipake gundi na ubao pia upake. Subiri dakika tano. Hizo dakika ndizo zinazozuia mapovu: karatasi inatanuka yote kabla ya kulala, badala ya kutanukia juu ya ubao na kukosa pa kwenda. Ilaze, kisha sukuma kutoka katikati kwenda nje kwa kifimbo cha kusukumia chapati kilichofungwa nailoni. Geuza ubao, bandika ganda la pili ndani ya fremu ya nyuma ili mvutano ulingane. Weka nailoni, juu yake ubao mwingine na vitabu au ndoo za maji, uache saa 24. Wakati wa masika weka saa 48. Usiuanike juani hata kama una haraka. Jua hukausha uso kwanza, na ng'onda atarudi. Feni ya dari yatosha.

Tahadhari ya gundi ya unga wa ngano: ni nafuu na mabango ya Paris yenyewe yalibandikwa mitaani kwa gundi za namna hiyo, lakini hapa pwani mende na vijidudu vya vitabu huila, na ukungu huimaliza. Ukiipenda kwa majaribio, tia matone machache ya mafuta ya karafuu kwa kila kikombe, hupunguza ukungu. Kazi ya kuuza ibaki kwenye gundi nyeupe.

Ubao ukikauka upitishe mara moja gundi sehemu 1 kwa maji sehemu 5. Bila hivyo rangi ya akriliki itazama kwenye katoni na kuacha mabaka. Kahawia itaiva kidogo, na hilo ni faida.

Chora kwa kipande cha makaa. Hapa usikimbilie kupanga watu kama wanapigwa picha ya darasa. Lautrec na wenzake walijifunza kwa chapa za mbao za Japani: rangi tambarare, mstari mweusi, na mtu aliyekatwa na ukingo wa picha bila aibu. Tazama bango lake la Moulin Rouge la mwaka 1891. Mbele kabisa yuko Valentin, kivuli cha kijivu kilichokatwa. Katikati La Goulue na sketi nyeupe. Nyuma umati wote ni pande moja jeusi la kofia na pua. Na taa ni madoa ya njano yasiyo na maelezo yoyote. Bango zima limechapwa kwa rangi nne. Wewe pia jifunge kwa rangi nne na kahawia ya katoni. Meza ipite mshazari kutoka kona ya chini ili mtazamaji ahisi amekaa kiti cha pili, na mtu wa mbele akatwe bega au nusu ya uso. Katika picha nyingine ya Lautrec ya ndani ya Moulin Rouge, mwanamke wa pembeni kulia amekatwa na ukingo na uso wake ni wa kijani kwa mwanga unaotoka chini. Uso huo mmoja ndio unaobeba usiku wote wa picha.

Mwanga wa chini ndio ufunguo. Taa za jukwaa zilikuwa zimepangwa sakafuni mbele ya mchezaji, kwa hiyo kidevu, tundu za pua na kope za juu hupata mwanga, na paji la uso huingia kivulini. Sisi tumezoea jua la utosini, na mkono hujiendea wenyewe kuweka mwanga kwenye paji. Ukitaka kujisahihisha, mweke mtu mbele ya kioo usiku, ashike taa ya simu chini ya kidevu, utazame dakika mbili.

Kijani cha taa: njano ya limau sehemu 6, nyeupe 3, buluu ya ultramarini 1, izimuliwe na maji hadi katoni ionekane kwa chini. Mweusi wa kopo usiutumie. Changanya ultramarini 2 na kahawia ya amba 1, upate weusi unaopumua. Kisha nyekundu moja tu, kwa midomo, skafu au soksi, na isizidi eneo la kiganja chako katika picha nzima.

Rangi ya kurushwa ndiyo iliyowapa mabango yale ukungu wa moshi. Lautrec aliirusha kwa brashi juu ya jiwe la chapa. Chukua mswaki mkuukuu, rangi iwe nzito kama maziwa, uuchovye ncha tu, ukung'ute mara mbili juu ya gazeti, kisha ukwaruze nywele zake kwa kidole gumba ukiwa umbali wa sentimita 30. Nyuso na sketi zifunike kwanza kwa karatasi iliyokatwa kwa umbo lake, ishikiliwe na vijiwe. Matone makubwa yakidondoka, mswaki ulikuwa na maji mengi. Usiyafute, yataacha utando, yasubiri yakauke ndipo uyafunike kwa kahawia ya katoni. Anza na kahawia nzito, malizia na njano chache karibu na taa. Ukirusha rangi tatu zenye uzito sawa utapata sakafu ya terazo.

Nguo. Mafundi cherehani wa Biashara Street hutupa kila siku vipande vya lesi na shashi vinavyokutosha. Ila chagua. Vuta uzi mmoja, uchome kwa kiberiti: ukinuka karatasi na kuacha jivu, ni pamba, nayo itashika gundi na chai, ukiyeyuka na kuacha kitone kigumu, ni poliesta, ambayo haishiki chai na hubanduka kingo baada ya miezi. Lesi nyeupe ya pamba itie chai kwanza: majani vijiko 3 katika nusu lita ya maji yanayochemka, iloweke dakika 20, uioshe, uikaushe. Nyeupe mbichi ndiyo iliyokufanyia harusi. Baadaye ichovye kwenye gundi 1 kwa maji 1, ikamue, uipangie mikunjo juu ya nailoni, na uiache ikauke nusu kabla ya kuihamishia ubaoni kwa gundi isiyozimuliwa. Sketi za dansi ile zilikuwa na tabaka nyingi za ndani, kwa hiyo weka tabaka tatu: shashi ya kijivu chini, lesi katikati, na juu usiweke nguo bali mistari michache ya rangi nyeupe ya brashi. Bila mistari hiyo nguo hukaa kama kiraka. Rangi ndiyo inayoifunga kwenye mchoro.

Nadhani utavutiwa kumvisha La Goulue leso. Nami sikukatazi moja kwa moja, lakini leso ni kitu kinachosema. Ukiikata maua ukaacha jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, umeinyamazisha, na watu wa Mji wa Kale watalisoma hilo kabla ya kuiona Paris. Afadhali ufanye kinyume: chukua jina peke yake. Mabango ya Montmartre yalikuwa na maandishi makubwa, na bango lako linahitaji mstari. Tafuta leso yenye "Mcheza kwao hutunzwa", ukate ule ukanda wa maneno, uulaze chini ya picha kama kichwa cha tangazo. Wacheza wale walikuwa wakichezea kwao na kutunzwa na kwao, kwa hiyo methali haijalazimishwa. Pima ukanda kabla ya kununua. Ukiwa mrefu kuliko sentimita 60 usiukate neno, uache uvuke ukingo na ukunjwe kwa nyuma, mradi maneno yote matatu yabaki mbele. Leso mpya ina wanga unaozuia gundi, basi ifue kwanza. Kisha ibane kwa kitambaa cheupe kilicholowa: kikipata wekundu, fua tena hadi kitoke safi, ama sivyo gundi yako itavuta rangi na kuimwaga kwenye sketi.

Vivuli vya zinki ni sehemu nitakayokaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayoweza kuiokoa picha isiwe bapa. Chat Noir ilikuwa na ukumbi wa michezo ya vivuli kuanzia mwaka 1886, ukiongozwa na Henri Rivière. Maumbo yalikatwa kwa zinki na kusogezwa nyuma ya pazia lenye mwanga. Yaliyo karibu na pazia yalitoka meusi na makali, ya mbali yakatoka kijivu na laini. Jambo hilo unaweza kulifanya kwa makopo ya soda. Kata juu na chini ya kopo kwa mkasi wa zamani ukiwa umevaa glavu, nyoosha bati juu ya meza kwa mgongo wa kijiko, chora umbo kwa kalamu ya wino mzito, kata. Kingo zikwaruze kwa msasa namba 220, na uso wote pia, kisha ufute kwa spiriti. Bila hivyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu. Paka weusi wako wa mchanganyiko mara mbili.

Maumbo hayo usiyalaze ubaoni. Yainue kwa vipande vya katoni vilivyopangwa: safu ya nyuma milimita 3, ya kati 6, ya mbele 10. Yaliyo nyuma yapake kijivu-kahawia, ya mbele weusi kamili. Kofia mbili, bega moja, mkono unaoshika bilauri, yatosha. Taa ya mkahawa ikiyapiga, kivuli cha kweli kitaanguka juu ya katoni na kuhama mtu anapopita. Vishikizo viwe vidogo kuliko umbo kwa sentimita 1 kila upande, visionekane ukitazama kwa pembeni. Kosa la kawaida ni kuinua kila kitu. Ukiinua umati wote, hakuna kilichoinuka.

Dhahabu weka mwisho, na iwe kidogo. Mwaka 1893 Lautrec alichapa mfululizo wa picha za Loïe Fuller, Mmarekani aliyecheza akizungusha vitambaa virefu chini ya taa za rangi. Kila nakala, na ziko takriban 60, aliitia rangi tofauti, na nyingine akazipitishia unga wa dhahabu na fedha. Wewe paka gundi sehemu 1 kwa maji 1 pale mwanga unapogusa, ngoja mpaka inate kidoleni bila kulowanisha, kisha gusa unga wa shaba kwa pamba na upulize uliobaki. Vaa barakoa, unga huo si wa kuvuta. Hewa ya chumvi huugeuza kijani-kahawia, kwa hiyo ufunge kwa vanishi siku hiyohiyo. Wasiwasi ukikuzidi, karatasi ya fedha iliyo ndani ya pakiti za majani ya chai ni aluminiamu na haichakai upesi hivyo. Ikunjekunje, inyooshe, ibandike, ipitishie kahawia nyepesi.

Magazeti? Machache. Huwa ya manjano haraka kwa sababu ya mbao ghafi iliyomo, na mkahawa una madirisha. Picha za intaneti ukizitoa kwa mashine ya wino wa maji zitavuja gundi ikizigusa, basi peleka faili ikatolewe kwa mashine ya leza au fotokopi, ambayo wino wake ni unga uliochomwa. Kuhusu haki: Lautrec alifariki mwaka 1901, na kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya mchoro hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mchoraji, kwa hiyo michoro yake iko huru. Hata hivyo usiibandike. Mchoro wake ukikaa karibu na mstari wako, jicho litamfuata yeye.

Pasteli, ukiwa nazo, ni kwa mashavu na moshi tu. Chaki ya ubaoni haifai, ukiipaka vanishi inatoweka kabisa.

Ukipendelea rangi ya mafuta ya kuzimua kama ya Lautrec, ikamue kwanza juu ya kipande cha katoni kwa saa moja ili mafuta yafyonzwe, kisha uichukue na kuizimua kwa tapentaini, madirisha yakiwa wazi na watoto wakiwa mbali. Iwe tabaka la mwisho. Mafuta hukaa juu ya akriliki. Akriliki juu ya mafuta hubanduka.

Vanishi: makaa yatachafua brashi, kwa hiyo kwanza nyunyizia dawa ya kushika makaa. Wanafunzi hutumia dawa ya nywele. Hushika, lakini baadaye huwa ya manjano, na kazi ya kulipwa haistahili. Kisha vanishi ya akriliki isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba, saa nne kati yake. Usinyunyizie vanishi ya kopo siku ya mvua, unyevu hunaswa ndani na uso kuwa mweupe kama umepakwa maziwa.

Fremu iwe ya kisanduku, kioo kikae mbali na kitu kilichoinuka zaidi kwa angalau sentimita 1. Kioo kikigusa lesi, unyevu utakusanyika hapo na ukungu utaanza. Nyuma ya fremu gundisha vifuniko vinne vya chupa, kimoja kila kona, ili hewa ipite kati ya picha na ukuta. Kuta nyingi za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinatoa jasho wakati wa mvua, hasa zinazotazama nje. Omba ukuta wa ndani, mbali na jiko la kahawa na mahali jua la alasiri haliingii.

Neno moja kuhusu bilauri mezani. Kinywaji cha kijani cha wakati ule kilikuwa absinthe, pombe kali iliyopigwa marufuku Ufaransa mwaka 1915. Mwenye mkahawa asiyeuza pombe anaweza kusita, na ni haki yake. Muulize kabla ya kuchora. Bilauri ya kijani inaweza kubaki kama mwanga tu, bila chupa karibu yake, na wateja wataisoma kama sharubati ya ndimu. Picha haipungukiwi, rangi ndiyo uliyoitaka pale.

Ukisha kuitundika, rudi baada ya wiki mbili na tena baada ya mvua za kwanza. Ukikuta povu limeinuka chini ya katoni, usilikate. Tumia sirinji yenye sindano nene: toboa pembeni mwa povu, ingiza gundi 1 kwa maji 1, tone mbili au tatu, subiri dakika kumi, weka karatasi ya kuokea juu yake, kisha bonyeza kwa pasi ya uvuguvugu kuanzia upande usio na tundu, ili hewa itoke ulikotoboa. Ukingo wa lesi ukibanduka, tia gundi nzito kwa kijiti cha meno na uubane kwa kitabu kilichofungwa nailoni usiku kucha. Ukikuta madoadoa meusi ya ukungu, itoe picha ukutani, iweke kwenye feni siku mbili, yafute kwa brashi kavu, kisha isitundikwe tena pale pale.